Inatibu nini, kwa nani, na ilipimwaje?

Muuzaji wa dawa mtandaoni mara nyingi hakuambii uongo unaoshikika. Anakuambia dawa yake "inaimarisha kinga", "inasafisha damu", "inafungua mishipa", "inaondoa sumu". Maneno hayo hayapimiki, na kisichopimika hakikutwi na kosa. Kwa hiyo usianze kwa kubishana naye. Anza kwa kulivuta dai lake mpaka likae kwenye sentensi moja: dawa hii, kwa dozi hii, ikitumiwa na mtu mwenye ugonjwa huu uliothibitishwa kwa kipimo hiki, baada ya muda huu, inabadilisha kitu hiki, kwa kiasi hiki, kuwazidi wagonjwa ambao hawakuitumia. Hapo kuna nafasi nane za kujaza. Dawa iliyosajiliwa kihalali ina majibu ya zote nane kwenye faili lake la usajili. Tangazo la mtandaoni kwa kawaida hujaza moja, jina la dawa, na mara nyingi hata hilo ni la kubuni, halitaji mmea wala kiambato.

Chukua hilo la kuondoa sumu. Uliza: sumu gani? Sumu halisi zina majina na zinapimika. Madini ya risasi hupimwa kwenye damu kwa mikrogramu katika kila desilita, na mtu akizidiwa nayo kuna dawa maalumu za kuyanasa, zinazotolewa chini ya uangalizi. Taka za kawaida za mwili zinashughulikiwa na ini na figo. Figo za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku. Muuzaji asiyeweza kutaja sumu moja kwa jina hana anachoondoa.

Vifaa vya kuondoa sumu vina uzuri mmoja: vingi unaweza kuvijaribu mwenyewe. Kuna beseni la maji ya chumvi linalopitishwa umeme. Unatumbukiza miguu, baada ya nusu saa maji yamekuwa ya kahawia, unaambiwa hizo ni sumu zilizotoka kwenye nyayo. Omba waiwashe mashine ileile, kwa maji na chumvi ileile, bila miguu ya mtu. Maji yatageuka kahawia vilevile, kwa sababu ile rangi ni kutu: umeme ukipita kati ya vipande viwili vya chuma ndani ya maji ya chumvi, chuma kinaliwa. Zile plasta za kubandika chini ya mguu usiku zina unga unaobadilika rangi ukipata unyevu. Dondoshea matone ya maji safi uone. Mishumaa ya kuvuta nta ya sikio nayo, iwashe juu ya glasi tupu. Ile "nta" utaikuta ndani vilevile, maana ni mabaki ya mshumaa wenyewe, na ukiwa sikioni unaweza kuunguza ngozi au kutoboa kiwambo.

Ushuhuda ambao lazima upatikane

Watu wengi wanaotoa ushuhuda ni wakweli. Waliumwa, wakanywa, wakapona. Tatizo ni kwamba yapo magonjwa ambayo ukimpa mgonjwa chochote, hata maji, utapata mashahidi wa kutosha.

Homa ya ini B ndiyo mfano ninaoomba kila mtu aukariri. Mtu mzima akiambukizwa leo, uwezekano wa mwili wake kuvifukuza virusi wenyewe ndani ya miezi sita unazidi asilimia 90. Kwa mtoto mchanga ni kinyume: takriban 9 kati ya 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa hubaki navyo. Ndiyo maana madaktari hawaiiti homa ya ini B sugu mpaka kipimo cha HBsAg, kinachotafuta alama ya virusi hivyo kwenye damu, kiwe chanya kwa zaidi ya miezi sita. Sasa tazama zile picha mbili za majibu ya maabara zinazosambazwa: ya kwanza chanya, ya pili hasi, miezi mitano baadaye, na katikati chupa ya dawa. Kama mwenye majibu ni mtu mzima aliyeambukizwa karibuni, picha hizo zingepatikana bila chupa. Swali la kuuliza ni moja: kabla ya kuanza dawa, alikuwa na HBsAg chanya mbili zilizopishana miezi sita? Bila jibu hilo ushuhuda haujathibitisha kitu. Na madhara yake hayampati aliyepona. Yanampata mgonjwa sugu anayeitazama picha hiyo, akaacha tenofoviri yake, dawa ya kuvidhibiti virusi hivyo, kisha virusi vikaamka na ini likashambuliwa kwa ghafla.

Kwa VVU mtego uko hivi. Mtu anatumia ARV na dawa ya mitishamba kwa pamoja, anapima wingi wa virusi, anaambiwa havionekani. Hilo ndilo linalotarajiwa kwa ARV zinazomezwa vizuri, lakini sifa inakwenda kwa chupa. Akiacha ARV, kwa kawaida virusi hurudi ndani ya wiki chache. Uliza siku zote: alikuwa anatumia nini kingine?

Kisukari kina udanganyifu wa namba, na namba humtisha msomaji asihoji. Picha inaonyesha mashine ya kupimia kidoleni: jana sukari 11.2, leo 8.9 (milimoli katika kila lita). Inaonekana kama ushindi. Lakini kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinaruhusu usomaji upotoke hadi asilimia 15 juu au chini pale sukari inapokuwa 5.55 au zaidi, na kinadai asilimia 95 tu ya vipimo viwe ndani ya hapo. Sukari ya kweli ikiwa 10.0, mashine nzima kabisa inaweza kuandika 8.5 na inaweza kuandika 11.5. Yaani 11.2 na 8.9 zinaweza kuwa sukari ileile. Ongeza muda wa kula, usingizi, mazoezi, au kidole kilichoshika tunda bila kunawa, na ile picha haina maana tena. Kinachofaa ni kipimo cha damu cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. Omba mbili, zilizopishana miezi mitatu, pamoja na orodha ya dawa zote alizotumia katikati.

Maumivu ya mgongo, ya viungo, vipele, pumu, tumbo: haya hupanda na kushuka yenyewe. Mtu hununua dawa siku aliyozidiwa, na siku aliyozidiwa ni siku ambayo inayofuata huwa na nafuu kidogo hata asipofanya lolote. Ndiyo sababu ya kuwa na kundi la kulinganishia, na ndiyo sababu ushuhuda elfu moja hauzidi jaribio moja lililofanywa vizuri.

Ikifanya kazi haraka mno

Watu huogopa dawa isiyofanya kazi. Mimi naogopa zaidi ile ya "mitishamba mitupu" inayofanya kazi upesi kama kidonge, kwa sababu mara nyingi ndani yake kuna kidonge. Mamlaka za dawa za nchi nyingi zimekuta sildenafili (kiambato cha Viagra) kwenye dawa za nguvu za kiume, deksamethasoni na steroidi nyingine kwenye dawa za viungo na pumu, sibutramini kwenye dawa za kupunguza mwili, na dawa za hospitali za kushusha sukari kwenye chupa za kisukari. Mwaka 2008 nchini Singapore watu 150 wasio na kisukari walilazwa kwa sababu sukari yao ilishuka vibaya, wanne walifariki. Chanzo kikubwa kilikuwa dawa za nguvu za kiume zilizouzwa kinyemela, zikiwa zimechanganywa na glibenklamidi, dawa ya kisukari ambayo hakuna mnunuzi aliyeitarajia humo.

Dalili za kutilia shaka zinajulikana. Dawa ya nguvu inayojibu ndani ya saa moja, ikileta uso kuwa mwekundu na kichwa kuuma: fikiria sildenafili, na kwa anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti huo ni mchanganyiko unaoweza kuangusha presha hadi kuua. Dawa ya viungo inayokata maumivu kwa siku mbili, kisha hamu ya kula inaongezeka, uso unajaa, sukari na presha zinapanda: fikiria steroidi. Hii ya pili ina hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Mtu aliyeitumia kwa wiki nyingi hatakiwi kuikatisha siku moja, kwa kuwa mwili umeshapunguza kutengeneza homoni yake. Aende kituo cha afya na kopo, apunguziwe kwa mpango.

Kuna pia dawa zenye madhara ambayo muuzaji ameshayapa jina zuri. Kuharisha na kutapika kunaitwa sumu zinatoka, vipele vinaitwa mwili unajisafisha, na kila dalili mbaya ni "mgogoro wa uponyaji". Ukishakubali msamiati huo, hakuna dalili itakayokufanya uache. Mfano mbaya kuliko yote ni ile inayouzwa kwa jina la MMS: sodiamu kloraiti inayochanganywa na asidi, kama ya limao, ikatoa klorini dayoksaidi, kemikali ya kupaushia na kutibia maji. Imetangazwa kuwa inatibu usonji, malaria, VVU, saratani na UVIKO. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya juu yake mwaka 2010 na tena 2019, ikitaja kutapika sana, kuharisha sana na presha kushuka kwa upungufu wa maji. Miongoni mwa wanaopewa ni watoto, ambao hawawezi kukataa.

"Utafiti umethibitisha"

Omba jina la utafiti. Usipopewa, lifute dai. Ukipewa, lipeleke kwenye PubMed, maktaba ya bure ya tafiti za afya. Ukipewa mmea tu, tafuta kwa jina lake la kisayansi pamoja na jina la ugonjwa kwa Kiingereza. Kisha soma muhtasari ukitafuta jambo moja kwanza: walipima kwenye nini? Seli kwenye kisahani, panya, au watu?

Mengi ya madai ya saratani yanaishia kwenye kisahani. Kuua seli za saratani kwenye kisahani ni rahisi. Jiki inaziua, chumvi nyingi inaziua. Ugumu ni kuziua bila kumuua mwenye nazo. Piga hesabu. Tuseme utafiti unasema seli zilikufa kwa mikrogramu 50 za kiambato katika kila mililita. Mtu mzima ana takriban lita 40 za maji mwilini. Ili kufikia kiwango hicho kila mahali unahitaji gramu 2 za kiambato safi, zikiwa zimefyonzwa zote na ini halijavunja hata chembe. Sasa angalia kikombe cha majani yaliyochemshwa kina miligramu ngapi. Kwa kurkumini, kiambato cha manjano kinachosifiwa sana, watu wamepewa hata gramu 8 kwa siku na kilichofika kwenye damu kikawa kidogo mno.

Ukikuta waliopimwa ni watu, angalia walikuwa wangapi, waligawanywa kwa bahati nasibu au la, walilinganishwa na nani, na kilichopimwa ni nini. "Wagonjwa 12 walijisikia vizuri" bila kundi la pili si uthibitisho. Halafu tafuta jaribio hilo kwenye ClinicalTrials.gov au kwenye Pan African Clinical Trials Registry, uone kama walichoahidi kupima ndicho walichoripoti. Kusajiliwa huko si sifa ya dawa, ni kumbukumbu tu ya kwamba jaribio lilipangwa. Kama kuna tathmini ya Cochrane, taasisi inayokusanya na kupima tafiti zote za swali moja, anza na hiyo. Itakuokolea siku nzima.

Vyeti navyo. "Kiwanda kimesajiliwa na FDA" haina maana dawa imeidhinishwa. FDA yenyewe inasema kusajili kiwanda si kuidhinisha bidhaa, na virutubisho nchini Marekani haviidhinishwi kabla ya kuuzwa. ISO 9001 inahusu uendeshaji wa kampuni. GMP, yaani kanuni za utengenezaji bora, inahusu namna ya kutengeneza. Namba ya usajili kama chakula au kirutubisho haimpi mtu ruhusa ya kusema kinatibu. Ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya mamlaka ya dawa, kisha linganisha mambo manne: jina la bidhaa, mtengenezaji, aina (kidonge, maji, unga) na tarehe ya kuisha usajili. Namba za kuazima huonekana papo hapo.

Kurasa zenyewe huwa na alama zake. Ukurasa unaofanana na wa chombo cha habari: bofya nembo, bofya habari za pembeni. Zote zikikupeleka kwenye fomu ileile ya kuagiza, hicho si chombo cha habari. Saa inayohesabu dakika za ofa, ufungue ukurasa upya uone kama haijaanza mwanzo. Picha ya mgonjwa wa kabla na baada, ipitishe kwenye utafutaji wa picha. Video ya daktari maarufu akisifu dawa, siku hizi sauti na midomo vinatengenezwa na kompyuta. Tafuta kauli hiyo kwenye akaunti ya daktari huyo au ya taasisi yake, na kama haipo ihesabu kuwa ya bandia.

Kujibu

Kosa kubwa la wanaopinga ni kusema kupita kiasi. Ukiandika "mitishamba yote ni utapeli" umesema uongo, na muuzaji atakushinda kwa mfano mmoja tu. Artemisinini, inayotibu malaria duniani kote, ilitolewa kwenye mmea wa Artemisia annua na kazi hiyo ilimpa Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai au vidonge vya majani ya mmea huohuo kwa kutibu malaria: kiasi cha dawa hubadilika kutoka jani hadi jani, mara nyingi hakitoshi, na dozi isiyotosha inamwacha mgonjwa na vimelea huku ikikuza usugu. Hapo unaona shida iko wapi. Mmea hauna kosa, dozi haijulikani.

Tenganisha pia "haijapimwa" na "imepimwa ikashindwa". Ya kwanza useme kwa upole. Ya pili useme bila kusitasita. Laetrile, inayotokana na amigdalini ya kokwa za aprikoti na bado inauzwa kama "vitamini B17", ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 178 wa saratani, matokeo yakatoka mwaka 1982: haikuponya, haikuzuia saratani kuendelea, na baadhi yao walikutwa na sayanidi kwenye damu karibu na kiwango cha kuua. Tiba ya homeopathi (dawa zilizozimuliwa mara nyingi mno) ilichambuliwa na baraza la utafiti wa afya la Australia mwaka 2015, likahitimisha kwamba hakuna ugonjwa hata mmoja wenye ushahidi wa kuaminika kuwa inautibu. Na anayesema "kujaribu hakuna hasara" apewe hii: utafiti wa Marekani wa 2018 uliwalinganisha wagonjwa 281 wa saratani ya matiti, tezi dume, mapafu na utumbo mpana ambayo haijasambaa, waliochagua tiba mbadala peke yake, na 560 waliopata tiba ya kawaida. Hatari ya kufa kwa wa kwanza ilikuwa mara mbili na nusu.

Unapoandika chini ya chapisho, humwandikii muuzaji. Unamwandikia mgonjwa anayesoma kimya kimya usiku huo, akiwa na pesa mkononi. Kwa hiyo usisambaze upya chapisho lenyewe, hata kwa kulikejeli. Piga picha ya skrini yenye tarehe, uitunze. Anza na ukweli, kisha kasoro, kisha ombi, kisha usalama. Kitu kama hiki:

"Homa ya ini B kwa mtu mzima aliyeambukizwa karibuni mara nyingi huisha yenyewe ndani ya miezi sita. Hapa inasemwa imetibiwa na dawa hii, lakini tarehe za vipimo hazionekani. Tunaomba HBsAg mbili za kabla ya dawa, zilizopishana miezi sita. Aliye kwenye tenofoviri asiache bila kuzungumza na daktari wake."

Hakuna tusi, hakuna herufi kubwa, na mtu anaweza kukagua kila sentensi. Akijibu kwa matusi, rudia swali mara moja, kisha nyamaza. Swali lisilojibiwa linaonekana na wote. Akilifuta, una picha ya skrini.

Kwa ndugu, usijibu ndani ya kundi la familia. Mzee akisahihishwa mbele ya watoto atashikilia alichosema. Mwandikie pembeni, na usilete mjadala: "Shikamoo mama mdogo. Nimeiona ile dawa ya sukari. Naomba picha za kopo pande zote nimwonyeshe mfamasia. Wakati tunasubiri, vidonge vyako endelea navyo kama kawaida." Kopo likifika, soma viambato, namba ya toleo, mtengenezaji. Kopo lisilo na hayo ndilo jibu la kumrudishia, na ni rahisi kulipokea kuliko hotuba.

Ukiripoti kwa mamlaka ya dawa, wape vitu wanavyoweza kuvifanyia kazi: jina la bidhaa, namba ya toleo, akaunti ya muuzaji na kiungo chake, maneno ya dai kama yalivyoandikwa, tarehe ya kununua, madhara na yalianza lini. Vidonge vilivyobaki visitupwe, maabara itavihitaji.

Na kama mtu ameshaacha dawa zake, haraka inategemea dawa aliyoacha. Insulini kwa kisukari cha aina ya kwanza haingoji: ndani ya siku moja au mbili anaweza kuanza kutapika, kupumua kwa kina na kwa kasi, mdomo ukinuka kama matunda yaliyoiva sana. Dawa za kifafa na steroidi nazo ni za siku hiyohiyo. ARV, warfarini (ya kuzuia damu kuganda) na dawa za presha, asisubiri kliniki ijayo. Aliyekunywa MMS au kitu chenye harufu ya jiki asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali na chupa yenyewe, hata ikiwa tupu, na anayempeleka ataje kiasi alichokunywa na saa aliyokunywa mara ya mwisho.